Kenga Mbele ya Kamati

Kamati ya ufadhili ilimwambia Nyevu neno moja tu: mlete babako. Kama yu hai na ana kazi, aje aseme mwenyewe mbona hamlipii bintiye karo. Asipofika kabla ya adhuhuri, nafasi atapewa mwanafunzi mwingine.

Nyevu, aliyekuwa mwaka wa pili wa uhandisi, akatoka mbio, akakata vichochoro vya Mji wa Kale mpaka Ngome ya Yesu, ambako babake, Kenga, alikuwa akitembeza watalii. Akamkuta langoni, shati limenyooshwa pasi, sauti imejaa, akiwasimulia wageni habari za Wareno. Nyevu alikuwa mdogo Kenga alipomwacha mamake akaoa kwingine. Tangu hapo baba na binti walikutana njiani wakasalimiana kama majirani, wakapitana.

"Shikamoo, Baba."

Kenga akashtuka. "Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nina ombi." Akamweleza kwa sauti ya chini.

Uso wa Kenga ukakunjamana. "Yaani niende nikajiumbue? Nikaseme mimi si mzazi?"

"Ukaseme kweli tu, Baba. Nisipopata, chuo ndiyo basi."

Kenga akawatazama wageni wake, akamwachia mwenzake kazi, akamfuata Nyevu mpaka ofisi ya kamati.

Wanakamati walikuwa watatu. Mwenyekiti, Bwana Aidarus, akamkaribisha kiti, wakajuliana hali. Kisha akauliza, "Bwana Kenga, ni kweli humsaidii mtoto huyu?"

Kenga akajikohoza. "Namsaidia. Nimemlea mwenyewe. Kwetu mtoto hatupwi."

Nyevu akamtazama. Amwite babake mwongo mbele za watu? Alilelewa kuogopa laana ya mzazi. Akinyamaza nako, amekwisha. Bi Rosebella, katibu, akaifunga faili yake taratibu.

"Kama baba yupo na anatoa," alisema, "ufadhili huu si wako, mwanangu."

"Naomba nimuulize baba jambo moja," Nyevu akasema.

Bwana Aidarus akaitikia kwa kichwa.

"Baba, chuoni nasomea nini?"

Kenga akatazama dirisha, akawatazama wanakamati, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna atakayemnong'oneza.

"Udaktari," akasema.

Wanakamati wakatazamana. Jasho likamchuruzika Kenga shingoni. Akageuka amtazame bintiye, labda akitaraji kumwona amefurahi kwa kumnasa. Lakini Nyevu alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea mikononi, akiona aibu kwa niaba yake.

Hapo Kenga akashindwa.

"Sijui," akasema. "Wallahi sijui anasomea nini. Mamake ndiye anayemsomesha, kwa kukaanga viazi karai barabarani. Mimi sijampa hata kalamu. Andikeni hivyo."

Akainuka, akatoka bila kuaga.

Bi Rosebella akaifungua faili upya. Wakashauriana kidogo, kisha Bwana Aidarus akamwambia Nyevu karo yake italipwa mpaka amalize.

Nje, Nyevu alimtafuta babake kwa macho huku na huku. Hakumwona. Akampigia mamake simu, akampa habari njema.

Mamake alimshukuru Mungu, kisha akauliza polepole, "Na yeye alikuja?"

"Alikuja."

"Alisema nini?"

"Alisema wewe ndiye uliyenisomesha, Mama."

Upande wa pili akasikia mamake akilia.