Arobaini ya Taisia

Wakati wa vita mimi Lukerya ndiye niliyekuwa mpeleka barua wa kijiji cha Krutikha, na asiniambie mtu kwamba kazi yangu ilikuwa nyepesi kwa kuwa sikuvuta plau. Askari walikunja barua zao pembetatu, bila bahasha. Bahasha ilikuwa ya serikali, na ilileta kifo. Wanawake waliniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso.

Theluji ya mwaka arobaini na tatu ilipoyeyuka, shamba letu la ushirika halikuwa na mwanamume wala farasi. Plau ilivutwa na wanawake watano, kamba begani, na aliyetangulia alikuwa Pelageya. Akianzisha wimbo, wanne wa nyuma wanasogea. Akinyamaza, wanasimama. Mwanawe wa pekee, Taisia, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa vitani kwenye mzinga wa kutungulia ndege.

Tarehe ishirini Aprili ikaja bahasha ya Pelageya.

Niliipeleka kwanza kwa mwenyekiti wetu, Ustinya, kwa sababu mimi ni mwoga. Aliisoma, akaketi juu ya gunia la mbegu, akalia. Kisha akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani.

"Ifiche," akasema.

"Nifiche habari ya msiba? Una wazimu wewe?"

"Mpaka tumalize kupanda. Akianguka yeye, wote wameanguka. Mbegu isipoingia ardhini, watoto utawapa nini msimu wa baridi? Bahasha?"

Nikaishona ndani ya koti langu.

Tangu siku hiyo nilitamani kupita njia nyingine, lakini kijijini kwetu njia ni moja. Pelageya alikuwa akiniona kwa mbali, anasimamisha plau.

"We kiguu na njia! Yangu iko wapi?"

"Binti yako anaangusha ndege, shoga. Muda wa kukuandikia ataupata wapi?"

"Mwongo mkubwa! Utakuwa umeipoteza matopeni," anasema huku akicheka. "Mwache tu arudi. Nitamfunga kamba hii, aone mama yake alivyopigana vita."

Wenzake wanacheka, mimi nacheka nao, na moyo wangu unachanika. Nilijichukia. Usiku nililala na koti mbali, nyuma ya mlango.

Tarehe kumi na mbili Mei mbegu ya mwisho ikaingia ardhini. Wanawake walitupa kamba, wakacheza peku kwenye matope, Pelageya katikati yao. Kesho yake asubuhi nikafumua mshono, nikaenda kwake.

Nilimkuta akiosha mabega yaliyochubuka. Akaniangalia mkono, akaiona bahasha. Nilikuwa nimejiandaa kwa yowe, hata kwa kofi, lakini alijikausha mikono tu. Hakujua kusoma.

"Nisomee tarehe," akasema. "Hayo mengine nayajua."

"Tarehe mbili Aprili."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuhesabu. Kwetu roho ya marehemu huzunguka nyumbani siku arobaini. Anawekewa dirishani glasi ya maji na kipande cha mkate, na siku ya arobaini watu hukusanyika, wakala, wakamuaga. Wakubwa wa chama tawala walikuwa hawapendi mambo hayo ya dini, kwa hiyo tulifanya kimyakimya, lakini tulifanya.

"Ilikuwa juzi," akasema Pelageya. "Siku zote hizo mwanangu alikuwa anakuja hapa, Lukerya. Anamkuta mama yake anaimba."

"Nisamehe, dada. Ustinya alisema mbegu..."

"Mbegu imeingia. Najua. Bahasha ingekuwa ya mwingine, hata mimi ningeificha."

Akavaa blauzi yake taratibu, kitambaa kikigusa vidonda. Nilidhani yamekwisha, nikashika mlango.

"Lakini wewe ulijua," akasema. "Kijiji kizima, nyinyi wawili tu mlijua. Kwako, dirishani kwako, ulimwekea maji?"

Nilikuwa nimemficha Taisia siku ishirini na tatu, na siku ishirini na tatu niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Sikumfikiria yeye hata siku moja.

"Hata kikombe, Lukerya?"

"Hata kikombe," nikasema.