Koti la Mvua Kutoka Kadutu

Kazi yangu ilikuwa ya kukaa. Nilikuwa sekretari katika ofisi ya afya ya kanisa moja hapa Bukavu, na kwa miaka tisa safari yangu ndefu kwa miguu ilikuwa ile ya kutoka nyumbani Nyawera mpaka kwenye mashine yangu ya kuandikia. Lakini mwaka 2000 vita vilikuwa vimetupunguza. Mwenzetu mmoja alikimbilia Bujumbura, mwingine alilala na malaria, na chanjo ya watoto wa milimani haikuweza kungoja. Mnamo Oktoba mkubwa wetu aliniita akaniambia, Priscille, utakwenda Luhwindja na Papa Constantin, utaandika majina.

Papa Constantin ndiye aliyekuwa nesi wetu, mtu wa miaka hamsini na zaidi, mwenye miguu ya mbuzi wa majabali. Alinieleza kwamba gari litatufikisha Walungu tu. Baada ya hapo tutapanda kwa miguu siku moja na nusu, na kule juu mvua inanyesha pamoja na baridi. Aliangalia viatu vyangu vya ofisi, akasema nitafute viatu vinavyoshika udongo na koti lisilopitisha maji. Mwaka uliotangulia mwenzake alilowa huko, na ugonjwa wa mapafu ukakaribia kumwua.

Nilianza kwenye duka moja la mjini. Walikuwa na viatu vya mlima vya ngozi, vizuri sana, lakini mwenye duka aliponitajia bei nilidhani amesema bei ya jozi kumi. Ilikuwa mshahara wangu wa miezi mitatu, na mshahara wenyewe tulikuwa hatujauona tangu Juni. Nilirudisha kile kiatu kwenye rafu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto mchanga kwa mama yake, nikapanda mpaka soko la Kadutu.

Pale sokoni, kwenye nguo za mitumba, alikuwapo mama mmoja ambaye kila mtu wa safari alimjua. Jina lake Amisa, mzaliwa wa Uvira, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani. Wengine waliuza magauni na mashuka. Yeye aliuza makoti, mabuti na mifuko ya mgongoni tu, kwa maana wateja wake walikuwa wachimbaji wa dhahabu na wachuuzi wanaotembea mpaka Shabunda. Hakunisifia kitu. Alichukua birika akamwaga maji kwenye mkono wa koti moja baada ya jingine.

"Kama maji inakimbia, koti iko muzima," alisema. "Kama inakunywa, hata nikikupa bure usichukue."

Alinifundisha kugeuza nguo na kutazama mishono kwa ndani, kukunja soli ya buti mpaka ncha yake iguse kisigino ili kuona kama mpira umekufa, na kuchukua namba moja zaidi ili soksi mbili zipate nafasi. Niliondoka na mabuti ya mpira yenye kiraka, na koti la bluu lenye kofia ya manjano, ambalo maji yaliteleza juu yake kama kwenye jani la ndizi. Ndani, upande wa kushoto, mtu alikuwa ameshona kwa mkono kijifuko cha kitenge chenye maua mekundu. Niliona ni mahali pazuri pa kalamu. Vyote viwili vilinigharimu chini ya robo ya bei ya dukani, nikarudi nyumbani nikiimba.

Safari sitaieleza sana. Tulipita Nyantende asubuhi wanawake wakilima, Walungu tukashuka garini, tukaanza kupanda kwa miguu na wabebaji wawili wa masanduku ya barafu. Mvua ilitukuta saa nane, ikatupiga mpaka usiku kuingia. Papa Constantin alilowa mpaka mfupani. Mimi, ndani ya lile koti, nilikuwa mkavu, na nakumbuka niliona fahari.

Kesho yake, kabla ya jua la saa sita, tulikuwa kwenye kituo cha afya cha kijiji cha kwanza. Akina mama walikuwa wamepanga mstari na watoto mgongoni. Niliketi kwenye kibao, nikafungua daftari, nikaanza kuandika majina. Mama wa nne au wa tano alikuwa kijana, mwembamba, na mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi. Nilimuuliza jina. Niliinua macho nikaona haniangalii mimi, anaangalia kifua changu.

Akamweka mtoto chini. Akaja akafungua koti langu, akaingiza mkono upande wa kushoto bila kutazama, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye kile kijifuko, kama mtu anayejua chumvi inakaa wapi jikoni kwake. Alikigeuza nje. Maua mekundu yakaonekana mbele ya watu wote.

"Hii nilishona miye," alisema polepole. "Bwana yangu iko wapi?"

Sikuelewa. Nilisema nimelinunua koti Kadutu. Lakini mstari ulikuwa umevunjika tayari, akina mama wakanizunguka, na wanaume waliokuwa wamekaa ukutani wakasimama. Mmoja akaniuliza ni askari yupi ameniuzia. Mwingine akasema watu wa mjini wanavaa maiti zetu. Papa Constantin ndiye aliyesimama kati yetu na kuzungumza nao kwa Mashi, lugha yao, kwa sauti ya chini, mpaka wakarudi nyuma.

Yule mama aliitwa Maombi. Alitueleza akiwa ameshika mkono wa koti, na mimi bado nimo ndani yake. Mume wake, Aganze, alikuwa mchimbaji. Kile kijifuko alimshonea cha kufichia vumbi la dhahabu asinyang'anywe njiani. Mwaka mmoja na miezi minane iliyopita, watu wenye bunduki walifika mlimani. Hawakufika nyumbani kwake. Walikwenda kwenye kitongoji cha pili, ng'ambo ya mto, wakaua watu kumi na mmoja, na kati yao alikuwemo dada wa Maombi, Colette. Siku hiyo hiyo Aganze hakurudi kutoka shimoni. Walimtafuta wiki tatu. Mwishoni walizika shati lake na tindo yake ya kuchimbia, wakamlilia kama marehemu. Maombi alinyoa nywele.

Nilivua lile koti nikampa. Hakunishukuru, na haikuwa lazima. Alisema tu, "Maman, uliza ule muuzaji. Hata kama ni mufupa moja tu, uniletee."

Niliahidi. Chanjo ya pili ilikuwa baada ya wiki nne, na nilijua nitarudi. Nilishuka Walungu nimejifunika turubai la plastiki, na baridi yote ile sikuisikia. Nilikuwa nikiwaza jambo moja: kwamba nilitembea siku nzima nikiona fahari ndani ya nguo ya mtu aliyeuawa.

Nilipofika kwa Amisa nilikuwa na hasira iliyopikwa siku mbili. Nilimwambia anauza nguo za watu waliochinjwa, na kama ana Mungu aniambie ni nani anamletea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniketisha juu ya furushi, akaniuliza koti lilikuwa lipi, na kijifuko cha rangi gani. Nilipomwambia, alishika mdomo.

"Siyo askari," alisema. "Ile koti, mwenyewe njo aliniuzishia. Iko anapasuka mawe kule Bagira. Nilimuona ijumaa iliyopita."

Sikumwamini. Nilimuuliza mara mbili, mara tatu, labda ni mtu mwingine aliyelipora. Amisa alisema yule mtu alikuwa amelivua mgongoni pale pale, mvua ikinyesha, akasema anataka pesa ya chakula na hatalihitaji tena kwa sababu hapandi mlima tena. Alimwonea huruma akalinunua. Kisha akafunga meza yake, jambo ambalo sokoni mtu halifanyi mchana, tukapanda taksi ya Bagira pamoja.

Tulimkuta kando ya barabara, amekaa mbele ya rundo la kokoto, nyundo mkononi. Alikuwa kijana bado, lakini vumbi lilikuwa limemzeesha. Nilimwita kwa jina lake, Aganze. Nyundo ilibaki juu. Watu wa pale walimjua kwa jina jingine, na nilivyoona uso wake nilifahamu kwamba kwa mwaka mmoja na miezi minane hakuna aliyemwita hivyo.

Nilimwambia mke wake ni mzima, mtoto ni mzima, wamezika shati lake. Nilitegemea afurahi, au alie. Aliuliza tu kama Maombi anajua yuko wapi. Nilisema bado. Ndipo akaweka nyundo chini na kutuambia. Nayaandika kama nilivyoyasikia, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye aliyasema mbele ya wengi.

Wale watu walimkamata asubuhi akienda shimoni. Walimfunga kamba kiunoni wakamwambia awaonyeshe njia ya kwenda kwenye nyumba. Njia ziligawanyika pale mtoni. Ya kushoto ilipanda kwake, kwa mke wake na mtoto aliyekuwa anajifunza kutembea. Ya kulia ilikwenda kwenye kile kitongoji cha pili. Kwa alivyojua, kitongoji kile kilikuwa kitupu, watu wake walikuwa wamekimbia tangu juma lililotangulia. Yeye mwenyewe alikuwa amepita pale jana yake na hakuona hata kuku. Kwa hiyo akawapeleka kulia. Alifikiri watakuta milango imefungwa, watakasirika, watamwua yeye, basi.

"Kumbe watu walikuwa wamerudia usiku," alisema. "Moshi niliiona tukiisha kufika. Shemeji yangu njo alitoka wa kwanza. Aliniona. Aliniita jina, akafikiri nimekuja kubasaidia."

Nilisikia Amisa pembeni yangu akianza kusoma dua bila sauti. Nilikuwa nimekuja Bagira na vitu viwili vya kumfikiria mtu huyu: kwamba ni marehemu, au kwamba ni mwanamume aliyetoroka mke wake. Hakuna hata kimoja kilichonisaidia.

Wale wenye bunduki walimbebesha mizigo siku nne, akatoroka msituni, akatokea Bukavu. Nyumbani hakuweza kurudi. Aliniomba nimwambie Maombi kwamba nimekuta mifupa. Alipiga magoti juu ya zile kokoto akaniomba. Nilimwinua, nikamwambia sitasema uongo huo, lakini pia sitataja mahali alipo mpaka Maombi mwenyewe aniulize.

Wiki nne baadaye nilipanda tena Luhwindja. Maombi alinipokea kwenye njia, hakungoja nifike kituoni. Tulikaa juu ya jiwe nikamweleza yote, kutoka kamba ya kiunoni mpaka jina alilolisema dada yake, na aliponiuliza mume wake yuko wapi nikamtajia Bagira. Nilitarajia kilio. Alikaa pale pale juu ya jiwe hata Papa Constantin akamaliza kuchanja watoto wote wa kijiji. Kisha akauliza:

"Huko Bagira, nani anamupikiaka?"

Nikasema hakuna mtu.

Hakushuka siku ile. Alikwenda kwanza ng'ambo ya mto, kwa watu wa kitongoji cha pili, akawaambia mume wake yu hai na alichofanya. Nilipolisikia jambo hilo nilishtuka kuliko yote, maana angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Walijadiliana siku kadhaa. Baadhi walitaka auawe. Mwishoni wakawachagua watu wawili washuke naye, na mmoja wao alikuwa mume wa Colette, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe kidogo.

Mkutano ulifanyika Bagira, nyuma ya ukuta wa kanisa, mchana, mimi na Amisa tukiwapo kama mashahidi. Aganze alisimama akasema yote tena. Hakujitetea. Hakutaja mtoto wake wala njia ya kushoto. Maombi ndiye aliyeitaja. Mume wa Colette alimwuliza swali moja tu, kama mke wake aliteseka sana. Aganze akasema hapana, ilikuwa haraka. Yule mzee alimtazama akitafuta kama ni uongo. Sijui aliona nini. Alisema wao hawatamgusa, lakini asikanyage tena upande ule wa mto wakati yeye, mzee, angali hai. Kisha wakaomba maji ya kunywa, wakanywa, wakaondoka kabla ya jioni.

Maombi alibaki siku tatu, akarudi mlimani peke yake. Tulidhani imekwisha. Januari alishuka tena, safari hii na mtoto na sufuria mbili, akapanga chumba Bagira, si nyumba moja na mume wake bali ng'ambo ya uwanja. Miezi kadhaa alimpelekea chakula mlangoni bila kuingia. Amisa alimpa kazi ya kushona mishono ya makoti iliyofunguka, kwa maana mkono wake ulikuwa mzuri.

Baadaye walihamia pamoja. Nilipita kwao mara moja, mwaka 2003, nikawakuta wanakula wote watatu kwenye sinia moja. Walinikaribisha, nikanawa mikono, nikaketi. Hatukuzungumza habari ya zamani. Mtoto alitaka kujua kama ni kweli nimewahi kupanda mpaka kijijini kwao kwa miguu, akanionyesha kwa kidole upande ambao milima yao ilikuwa.