Televisheni ya Uani

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba Jumapili alasiri familia ya Wisniewski, ya hapa Toledo, ilizindua ukumbi wa wazi wa burudani. Ukumbi wenyewe ulikuwa televisheni kuukuu juu ya meza, kando ya jiko la kuchomea soseji, na mgeni mwalikwa alikuwa mmoja.

Mgeni huyo ni baba mkubwa Thaddeus. Aligombana na baba siku ya mazishi ya bibi, akaapa hatakanyaga tena ndani ya nyumba yetu. Baba hakubishana na kiapo. Alimpigia simu akasema, "Basi njoo uani, kaka. Fainali ya kikapu tutaiangalia nje."

King'amuzi cha kebo tunacho kimoja, nacho kiko sebuleni. Baba alichomeka waya mrefu, akautoa kwa dirisha la jikoni, akaupitisha juu ya mawaridi ya mama hadi uani. Mimi, msomi niliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, nilisimamia kazi kwa kushika ngazi. Kilichoonekana sebuleni ndicho kilichoonekana nje. Rimoti ilibaki ndani.

Baba mkubwa alikuja na bia zake mwenyewe, akakaa kiti cha mbali.

"Waya wako umepinda kama miguu yako, Leonard."

"Lakini unafanya kazi, kaka. Si kama gari lako."

Kufikia robo ya tatu, kiti cha mbali kilikuwa kimesogea, na baba mkubwa alikuwa akila soseji kwenye sahani ya baba. Mama aliwachungulia dirishani, akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

Zikabaki sekunde chache. Pointi sawa. Mchezaji wetu akaruka, akauachia mpira. Pale pale kwenye skrini akatokea mwanamke anayeuza vikaango.

"Irudishe," alisema baba mkubwa.

"Sijagusa kitu. Si nimekaa na wewe hapa?"

"Una watu ndani. Ni yale yale, Leonard. Tangu utotoni, nikianza kufurahi tu, lazima uniharibie. Safari hii umeniita kabisa, mnicheke kifamilia."

"Kaka, keti kwanza."

Alikusanya bia zake, hata chupa tupu. Lile gari bovu liliwaka mara moja.

Baba aliingia sebuleni, simu sikioni. Ilikuwa ikiita tu. Akapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

"Nadhani kebo ina hitilafu," nilisema kwa upole wa padri.

Baba alitazama rimoti mkononi mwangu, kisha mwanamke wa vikaango, ambaye sasa alikuwa ameshusha bei.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Nilidhani mtacheka."

Alikaa chini, akaanza kuuvuta waya ndani.