Alichomchemshia Rogath

Saratani ya tumbo ilikuwa imemmaliza Rogath. Chochote alichomeza kilirudi, na dawa za hospitali zilizidi kumtapisha. Mke wake Celina, muuza vitenge wa Kariakoo, alimpikia mtori wa ndizi kila asubuhi na kuumwaga kila jioni.

Siku moja, kwenye foleni ya kliniki, mama mmoja asiyemfahamu alimnong'oneza, "Mchemshie bangi, dada. Wangu alianza kula."

Celina, mwanakwaya, hakuwahi hata kuishika. Lakini aliitafuta, akaipata, akachemsha kidogo, akamnywesha mumewe. Jioni hiyo Rogath alimaliza bakuli la mtori, akaomba aongezewe. Celina alikwenda jikoni akalia peke yake.

Wakaendelea hivyo. Lakini harufu haifichiki kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Mchana mmoja polisi walipanda ngazi, wakapekua, wakakuta kifurushi kabatini.

"Ni yangu," Rogath alisema kitandani.

Askari alimtazama, mifupa mitupu chini ya shuka. "Pole, mzee. Mama, twende."

Vitalis, kaka yake Celina, alifika kituoni kesho yake.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. "Ungegonga mtu kwa gari ningekudhamini. Bangi, Celina? Kanisani nitasema nini?"

"Sema Rogath alikula."

Vitalis alitazama sakafu, akaondoka. Hakuna ndugu mwingine aliyejitokeza. Celina akabaki mahabusu, na aliyemwangalia Rogath akawa Zulekha, jirani yao wa dukani. Alimpelekea uji, ukarudi wote.

Siku ya kesi Zulekha alimleta kwa bajaji, akamwingiza mahakamani amemshika kiunoni. Celina alimwona kutoka kizimbani. Rogath alikuwa amebaki macho tu.

"Unakubali kosa?" hakimu aliuliza.

"Nakubali, mheshimiwa. Sikumuuzia mtu. Nilimchemshia mume wangu, yule pale."

Hakimu alimtazama Rogath, akavua miwani.

"Mama, nimekuelewa. Lakini sheria haiulizi ulimchemshia nani."

Akamhukumu kifungo. Rogath alijaribu kusimama. Karani akamwambia akae. Celina alipopitishwa karibu na Rogath alinyoosha mkono, lakini askari alikuwa ameshamgeuza kuelekea mlangoni.

Celina alikuwa gerezani akichambua maharage na wenzake alipoitwa kwa mgeni. Zulekha alisimama upande wa pili wa dirisha la wageni, hakuweza kuanza kusema.

"Amekufa?" Celina akamuuliza.

"Jana asubuhi. Vitalis na ndugu za marehemu wanamsafirisha kwao Machame."

Celina aliomba ruhusa ya kwenda kuzika. Bwana jela alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akamwambia Machame ni mbali mno. Askari akamrudisha ndani. Wenzake walikuwa wameshamaliza kuchambua, wanafagia.