Udongo wa Nyuma ya Mafiga

Picha ya msiba ya Mama Mdogo Beata ilitoka studio kule Mbinga ikiwa nyeupe kama kuku wa kisasa. Vijana walimsafisha sura wakidhani wanamheshimu. Mama aliitazama pale mbele ya jeneza la mdogo wake, akarudi nyumbani Lipingo na agizo moja: mimi, mwanawe niliyesomea kuchora, nimchore angali hai, kwa rangi yake mwenyewe.

Muda si mrefu akaugua. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza, namwogesha, namkorogea uji. Kaka Hyasinti alituma pole kwa simu. Nilichoka, na sioni aibu kusema. Lakini nikichelewa, Hyasinti angepeleka kitambulisho cha Mama studio ile ile, na mama yangu angezikwa kwa sura ya mtu mwingine.

Rangi yangu ya kahawia iliisha kabla sijafika kidevuni. Bora iliisha.

"Hiyo chai ya maziwa," Mama alisema, "siyo mimi."

Nikaenda jikoni. Nyuma ya mafiga ukuta umechomwa na moto tangu sijazaliwa, udongo wake umeiva, kahawia inayokaribia wekundu. Nikaukwangua kwa kisu, nikausaga, nikauchuja kwa kipande cha kitenge, nikaukoroga na maji na gundi ya mti. Nilipoupaka ukiwa umelowa, alikuwa Mama mwenyewe. Ulipokauka, ukapauka. Ndivyo zilivyo rangi za maji, hukupa kwa mkono huu zikakunyang'anya kwa ule. Nikarudia mkono wa pili, nikarudia wa tatu, Mama akinikodolea macho kutoka mkekani bila hata huruma.

Alasiri picha ikakauka, na rangi ikabaki. Paji, mashavu, shingo, vyote vyake. Nikamsogezea.

"Rangi ndiyo," alisema baada ya kuitazama sana. "Sura siyo."

"Siyo vipi, Mama?"

"Hayo macho. Hiyo mifuko chini yake. Mimi nalala mchana kutwa, nitaitoa wapi? Huyo ni wewe, Theodosia."

Nikaitazama upya. Kweli, alikuwa mimi. Machozi yakanitoka, nikaanza kupapasa karatasi nyingine.

Akanishika kiganja.

"Iache. Nenda kalale, mwanangu. Leo sifi."