Kunde za Gachoka

Katika boma la Mzee Mwongera, juu kidogo ya mji wa Maua, mke mpya hapewi jina siku ya harusi. Husubiri mpaka Krismasi yake ya kwanza, apike mukimo, ule mseto wa kupondwa, wa kutosha ukoo mzima, na jina lake litoke ndani ya sufuria.

Makandi, mke wa kifungua mimba, alipika wake miaka kumi na mmoja iliyopita. Kwa wasiwasi alitia chumvi mara mbili. Tangu siku hiyo hadi leo ni Mama Chumvi. Hata mchungaji humwita hivyo, naye huitika huku akicheka. Wamuyu, mke mpya wa Naftaly mwana wa Mzee, alimwona akiitika, akaapa moyoni: yote nitayavumilia, lakini hilo, hapana.

Mwaka huu zamu ilikuwa yake. Alizaliwa Gachoka, kule Mbeere kwenye joto na vumbi jekundu, na tangu waoane mwezi wa nne yeye na Naftaly waliishi mjini Embu, walikofundisha wote wawili. Mama yake alikuwa amempa mfuko wa kunde kavu, nyekundu, zilizopepetwa vizuri. "Usiingie kwa watu mikono mitupu," alimwambia. Lakini Wamuyu alipofika Maua na kuiona ile milima, migomba imeinamia njia, viazi, majani ya maboga kila upande, aliona haya. Kunde? Huku? Akausukuma mfuko chini ya kitanda.

Asubuhi ya Krismasi, watu wote walienda kanisani. Jikoni alibaki Wamuyu na wifi yake Kananu, aliyeachwa amsaidie kumenya ndizi, na ambaye mdomo wake haukuwa na likizo.

"Gachoka, hebu niambie," alisema Kananu, akimtania kwa jina la kwao huku akijipaka mafuta mikononi ili utomvu usimshike. "Ulishawahi kuona ndizi ikiwa kwa mgomba, ama nyinyi huziona tu kwa kalenda?"

"Tunaziona kwa soko, wifi. Zikiwa zimechoka na safari."

"Kama nyinyi mkifika huku!"

Wamuyu alicheka, lakini jicho lilikuwa kwenye sufuria. Mahindi makavu na maharagwe alikuwa ameyatia motoni saa mbili, kama mama yake afanyavyo. Saa sita yangekuwa laini, ayachanganye na ndizi, aponde. Mzee Mwongera alikula saa nane kamili, Krismasi au si Krismasi.

Saa tano na nusu alichota punje moja ya hindi, akaipuliza, akaiuma. Jino lilimwuma yeye. Akajaribu haragwe: jiwe.

"Kananu. Mbona hizi hazijaiva?"

Kananu alitazama ndani ya sufuria, kisha akamtazama usoni. "Uliziweka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili ya jana jioni?"

"Ya leo."

Kisu cha Kananu kilisimama katikati ya ndizi. "Woi! Huku juu kuna baridi, wifi. Mahindi na maharagwe huchemshwa siku moja mbele. Mimi nilidhani zililala zimeiva, asubuhi unazipasha tu!"

Wamuyu aliketi kwenye kigoda. Moshi wa kuni mbichi, zilizonyeshewa wiki nzima, ulimwingia machoni, akashukuru kuwa kulikuwa na moshi. Aliliona jina lake likija. Mama Mawe. Miaka kumi na mmoja, ishirini, watoto wake wakubwa, na watu bado wanaulizana kama meno yamepona.

Kisha akaukumbuka ule mfuko.

Alikimbia chumbani, akarudi nao kifuani kama anayebeba mtoto. Kananu alizamisha mkono ndani, akazimwaga kunde kutoka kiganja kimoja hadi kingine.

"Hizi huiva kwa muda gani?"

"Kwetu, saa moja tu. Huku, sijui. Nipe moto wa kweli, nijaribu."

Kananu aliangalia mlangoni, kisha akainua macho juu ya mafiga, kwenye dari ya fito ambapo kuni za Mama Karambu, mama mkwe wa Wamuyu, zilikaushwa na moshi tangu mwezi wa nane. Kuni zile hazikuguswa na mtu mwingine.

"Mama atatuua," alisema, huku tayari amepanda kwenye ndoo.

Waliipua mahindi na maharagwe, wakaweka kando yaliwe kesho. Kunde ziliingia kwenye maji ya kupikia chai yaliyokuwa yakitokota, kifuniko kikawekewa jiwe. Kuni kavu zilishika, moto ukanguruma. Ndizi na viazi vikafuata kwenye sufuria ya pili, majani ya maboga yakakatwakatwa. Hakuna aliyetaniwa tena. Hawakuwa na pumzi. Saa saba na robo Wamuyu aliuma kunde moja. Ikayeyuka ulimini kama siagi. Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Waliponda kwa zamu, jasho likiwatiririka, na kunde zikaingia mwisho zikiwa nzima nzima, nyekundu ndani ya kijani.

Saa nane kamili Mzee Mwongera alipewa sahani ya kwanza. Watu zaidi ya ishirini walimtazama. Mama Karambu aligeuza mukimo kwa kijiko.

"Maharagwe yako wapi?"

"Ni kunde, Mama. Zimetoka kwetu."

"Na kuni zangu?"

"Ni mimi," walisema Wamuyu na Kananu kwa pamoja.

Mama Karambu aliwatazama mmoja mmoja, akatia kijiko kinywani, akatafuna polepole. "Basi hazikupotea bure," akasema, akachota tena.

Kwa desturi Mzee Mwongera hula sahani moja, huweka kijiko chini, na kutoka kwenda kuangalia shamba lake la miraa. Siku hiyo alimaliza sahani, akaikomba, lakini hakuinuka.

"Gachoka!" aliita.

Wamuyu alisimama. "Ndiyo, Baba."

"Iko nyingine?"

Makandi ndiye aliyeanza kupiga vigelegele. Kananu akadakia, watoto wakagonga sahani, na Naftaly, aliyekuwa ameshikilia pumzi tangu atoke kanisani, akacheka kama mtu aliyeshinda mbio. Mzee alinyoosha sahani yake, na nyuma yake zikanyooshwa nyingine, mpaka Wamuyu akawa anakwangua sufuria.

"Mnaona!" Makandi alisema. "Yeye amepewa mji mzima, na mimi chumvi!"

"Chumvi ilikuwa yako yote," Mzee alijibu. "Hatukukunyima hata punje."

Jioni, bado harufu ya moshi iko nguoni, Wamuyu alimpigia mama yake simu.

"Zile kunde zimeisha, Mama. Mama Karambu anataka mbegu."

"Zote?" mama yake aliuliza. "Na jina? Walikupa?"

Nyuma ya Wamuyu mtu alikuwa akimwita kutoka jikoni, kwa sauti kubwa, bila mzaha hata kidogo.

"Sikiliza mwenyewe," Wamuyu alisema, akainyoosha simu kuelekea mlangoni.