Sakafu ya Marudio

Wanaume wengine huficha pombe. Mume wangu Makoye alificha sakafu. Alitandika mkeka juu ya ufa, juu ya mkeka akaweka kochi, juu ya kochi akaniweka mimi, akaniambia mteja akifika nisisimame hata nyumba ikiungua.

"Akiuliza kwa nini sisimami?"

"Mwambie miguu inakuuma."

"Itakuuma wewe!" nikamjibu, lakini nilikaa. Ningefanyaje? Mama yangu yuko kijijini Didia peke yake, macho yamefifia, na juzijuzi alijiunguza mkono akisonga ugali. Makoye aliapa kwamba tukiuza tu nyumba hii ya Geita, tunahamia kwa mama. Nyumba isipouzwa, mama ataendelea kupapasa moto. Mimi usingizi sikuwa nao.

Sasa huo ufa. Tulipojenga, kila mwenye akili alinunua mchanga wa mtoni. Makoye, mchimbaji wa siku nyingi, akaona ni ujinga kununua mchanga wakati machimboni marudio yamejaa ya bure. Marudio ni ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa dhahabu. Ni laini kama unga, na saruji haishiki. Nilimwambia. Akasema mimi nijue mboga. Basi sakafu ikapendeza kwa muda, kisha ikachanika kutoka mlangoni hadi chumbani, na kila ukifagia unaondoka nayo kidogo.

Mteja wa kwanza alikuwa Hosiana, muuza vitenge, mama wa heshima zake na mwili wake. Nikampokea nimekaa, akanishangaa. Makoye akamletea kiti cha miguu myembamba. Hosiana alipokaa, mguu mmoja wa kiti ukazama sakafuni pamoja na mkeka, naye akaenda chali.

"Jamani! Mnauza nyumba au mnauza shimo?"

"Kiti hicho kibovu," Makoye akasema, bila haya.

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikalia. Hosiana akajifuta vumbi, akaondoka bila kuaga.

Aliyefuata ni Boaz, kijana mwenye duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, huko nje ya mji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba usimame kidogo."

Nikamtazama Makoye. Makoye akatazama dari. Nikasimama, miguu imepona. Boaz akasogeza kochi, akafunua mkeka, akachimbua ufa kwa kidole, akasugua vumbi kiganjani. Halafu akaomba karai na maji. Akatoka uani na konzi ya sakafu yetu, akaiosha taratibu, akainamia karai. Akatabasamu.

"Nanunua."

"Kwa bei gani?" Makoye akauliza.

"Hiyo hiyo uliyoitaja."

Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mtu wa huku hanunui hata fungu la nyanya bila kuomba apunguziwe, na huyu anatabasamia karai! Makoye akakaza shingo. "Nyumba haiuzwi. Nenda salama, mwanangu."

Boaz alipotoka tu, nikamrukia. "Makoye! Una wazimu?"

"Mama Noela, tumelala juu ya dhahabu miaka yote! Zamani mashine zilikuwa mbovu, mali ilibaki kwenye marudio. Yule kaiona."

"Na mama yangu?"

"Mama atakula kuku kila siku."

Asubuhi akaazima nyundo, akaivunja sakafu yote, sebule na vyumba. Akatwanga, akaosha. Majirani wakajazana ukutani kuchungulia, wengine wakaja na viti vyao. Karai la kwanza, hamna. La pili, "inakuja." Nililia kwa hasira, na si sakafu niliyoililia. Jua lilipopoa Makoye alikuwa amekaa juu ya kifusi, mweupe mpaka nyusi, na hakupata hata chembe ya kuziba jino.

"Hebu nyamaza," akaniambia.

"Sijasema kitu."

"Unanyamaza vibaya."

Nikajifunga kanga, nikamfuata Boaz kwenye duara lake. "Mwanangu, ulitabasamia nini ndani ya karai?"

"Niliona haina kitu, mama. Ingeng'aa hata kidogo ningekimbia. Nyumba yenye dhahabu sakafuni, aliyekuuzia hahami. Leo anakupa ufunguo, kesho anarudi na nyundo."

"Na bei, mbona hukuomba upunguziwe?"

Akainamisha kichwa. "Mke wangu kajifungua, na mama yake kaja kumlea. Tumepanga chumba kimoja, mama. Mimi na mkwe! Nalala huku huku duarani. Ningeongeza hata hela."

"Sasa ile sakafu imevunjwa yote."

"Ningeivunja mwenyewe nimwage zege la kweli. Mmenipunguzia kazi."

Nilimshika mkono, nikampeleka moja kwa moja hadi ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, nikatuma Makoye aitwe. Akaja na kofia yake na vumbi lake. Mwenyekiti akaandika, Boaz akasaini, Makoye akapewa kalamu. Akaishika, halafu akaanza kumkodolea Boaz macho. Akaninong'oneza:

"Ananunua hata bila sakafu? Mama Noela, basi mali iko chini zaidi."

Ningeweza kumpiga na kiti cha mwenyekiti. Badala yake nikapiga simu Didia, nikambandika Makoye simu sikioni. "Mwambie mwenyewe mama yangu kwamba hatuji."

Kwetu Wasukuma mkwe ni mtu wa kuogopwa. Makoye akavua kofia, mbele ya simu, akasimama wima.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mkwewe kwa Kisukuma.

Sauti ya mama ilitoka kubwa, maana hujua simu ni ya kupiga kelele. Ofisi nzima ikasikia. Hakuuliza tunakuja lini. Aliuliza, "Mmekula?"

Makoye akatazama kalamu.

"Bado, mayu."

"Njooni basi, nitawasongea. Mkono umeshapona."

Haukuwa umepona, jirani yake alikuwa ameniambia. Makoye naye alilijua hilo. Akainama akasaini, kofia imebanwa kwapani, wala hakusoma.

Mimi sikungoja kuona wino unakauka. Nilikwenda kufunga magodoro.